Kadi Mbili, Makundi Mawili: Je, Damu Inasema Uongo?

Katika nyumba nyingi kuna bahasha au kisanduku ambamo vyeti vya familia hutunzwa: cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto. Siku hizi humo humo utakuta pia kadi ya mchangiaji damu. Imeandikwa kundi lake, A, B, AB au O, na pembeni alama ya kujumlisha au ya kutoa. Mwenye kadi huliamini kundi hilo kama anavyoliamini jina lake.

Basi siku moja anakwenda kuchangia damu mahali pengine, au mama mjamzito anapimwa katika hospitali nyingine, na kadi mpya inasema jingine. Ya kwanza iliandika O, ya pili inaandika A. Ya kwanza ilisema Rh chanya, ya pili inasema Rh hasi. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mmoja atasema maabara ya kwanza ni ya wababaishaji. Mwingine atasema damu ilibadilishwa ili iuzwe. Wa tatu atanong'ona kwamba hapo kuna mkono wa mtu. Na kama jambo lenyewe linamhusu mtoto ambaye kundi lake halielekei kutoka kwa wazazi wake, lawama hazichelewi kumfikia mama.

Ukurasa huu wa afya una neno moja la kusema mwezi huu. Kadi mbili zinazopingana si ushahidi dhidi ya mtu yeyote. Ni sababu ya kupima tena kwa makini zaidi, na ni sababu ya wataalamu kueleza matokeo kwa maneno yanayoeleweka. Tukilishika hili, tutaokoa maisha ya baadhi ya wagonjwa na watoto wachanga, na tutaokoa pia ndoa kadhaa.

HERUFI HIZI ZINATOKA WAPI?

Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner wa mji wa Vienna, Austria, alieleza kwamba damu ya watu haifanani. Juu ya kila chembe nyekundu ya damu kuna alama ndogo sana ambazo wataalamu huziita antijeni. Mwenye alama A ni wa kundi A, mwenye alama B ni wa kundi B, mwenye zote mbili ni AB, na asiye na yoyote kati ya hizo ni O. Kwa kazi hiyo Landsteiner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930, na siku aliyozaliwa, tarehe 14 Juni, ndiyo inayoadhimishwa leo kuwa Siku ya Wachangia Damu Duniani.

Mwili una desturi ya kukataa alama usiyokuwa nayo. Mtu wa kundi A hubeba katika majimaji ya damu yake kingamwili za kupiga vita B. Mtu wa kundi B hubeba za kupiga vita A. Mtu wa kundi O hubeba zote mbili. Ndiyo maana damu isiyofaa ikiingia mwilini, chembe zake huvunjwa kwa ghafla na mgonjwa anaweza kufa.

Kwa sababu hiyo maabara nzuri hupima mara mbili. Kwanza inazipima chembe nyekundu: zina alama gani? Pili inayapima majimaji ya damu: yana kingamwili gani? Majibu mawili lazima yakubaliane. Chembe zikisema "mimi ni O" na majimaji yakasema "mimi sina cha kupiga vita A", mtaalamu mwaminifu haandiki kitu kwenye kadi. Anasimama na kutafuta sababu.

Kisha kuna ile alama ya kujumlisha au kutoa. Hiyo ni habari ya Rh, iliyotangazwa mwaka 1940 na Landsteiner huyo huyo pamoja na mwenzake Alexander Wiener. Katika kundi la Rh kuna antijeni nyingi, lakini kubwa kuliko zote inaitwa D. Mwenye D huandikiwa chanya (+), asiye nayo huandikiwa hasi (–).

TUANZE NA MAKOSA YA BINADAMU

Kabla hatujazungumzia mambo ya urithi, lazima tuseme ukweli. Kadi mbili zikipingana, la kwanza kuchunguzwa ni mkono wa binadamu. Kichupa kimeandikwa jina la mgonjwa wa kitanda cha jirani. Watu wawili wenye jina moja wamechanganywa. Dawa ya kupimia imeharibika kwa sababu umeme ulikatika na jokofu likapata joto. Mpimaji amechoka, akasoma matokeo kwa haraka, au akaandika herufi moja badala ya nyingine. Makosa ya majina na maandishi ndiyo ya kuogopwa kuliko yote, maana hakuna dawa ya kupimia inayoweza kuyagundua.

Pia kuna hali za mwili zinazovuruga kipimo. Mtoto mchanga bado hana kingamwili zake mwenyewe. Huanza kuzitengeneza katika umri wa miezi mitatu hadi sita hivi. Mzee sana anaweza kuwa nazo kidogo. Mtu aliyeongezewa damu siku chache zilizopita ana chembe za watu wawili mwilini. Baadhi ya saratani za damu hudhoofisha alama A au B kwa muda.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa kadi mbili zinazopingana ni kurudia kipimo kwa damu mpya, iliyochukuliwa upya, mbele ya mwenyewe, na jina likaandikwa hapo hapo kitandani au kitini. Yakiondoka makosa yote hayo, na bado majibu hayakubaliani, ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo familia nyingi hazijawahi kuelezwa: huenda hakuna aliyekosea. Huenda damu yenyewe ni ya namna ya pekee.

HERUFI MOJA INAPOKOSEKANA KATIKA URITHI

Alama A na B hazitengenezwi ovyo. Kila mtu hurithi kutoka kwa baba na kutoka kwa mama maagizo yanayoitwa jeni. Jeni ya ABO huagiza mwili utengeneze kimeng'enya, yaani fundi mdogo anayebandika sukari juu ya chembe nyekundu. Fundi wa A hubandika sukari ya namna moja, fundi wa B hubandika ya namna nyingine. Mwaka 1990 wanasayansi walipofaulu kuisoma jeni hiyo, waliona kwamba kundi O la kawaida linatokana na kukosekana kwa herufi moja tu katika maagizo marefu. Herufi hiyo ikikosekana, fundi hazaliwi, na sukari haibandikwi.

Sasa fikiri: kama herufi moja inaweza kumwondoa fundi kabisa, herufi nyingine inaweza kumfanya awe mvivu. Na ndivyo ilivyo. Kuna watu wa kundi A ambao fundi wao anafanya kazi nusunusu. Mwenye A ya kawaida ana alama karibu milioni moja kwenye kila chembe nyekundu. Mwenye A iitwayo A2 ana karibu robo ya hizo. Huyu bado hupimika kuwa A bila taabu. Lakini wapo wengine, wachache zaidi, ambao alama zao ni haba kiasi kwamba tone la dawa likiwekwa juu ya kigae cheupe, damu haigandamani. Mpimaji huona O. Maabara nyingine yenye vifaa bora, au inayoyapima majimaji pia, huona A. Kadi mbili, makundi mawili, na kila mpimaji aliandika alichokiona.

Je, kuna hatari? Inategemea mtu huyo anatoa damu au anapokea. Akipokea damu ya O, hakuna ubaya. Lakini akitoa damu ikabandikwa lebo ya O, na ikapewa mgonjwa wa kundi O, kingamwili za mgonjwa zitaiona ile A dhaifu na kuishambulia. Ndiyo maana mchangiaji hupaswa kupimwa kwa ukali zaidi kuliko mtu mwingine yeyote, na ndiyo maana kadi yake ya zamani haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo kipya.

CHANYA KWA KUTOA, HASI KWA KUPOKEA

Upande wa Rh unashangaza zaidi. Mtu mwenye D ya kawaida ana alama hizo kati ya 10,000 na 30,000 hivi kwenye kila chembe nyekundu. Lakini wapo wenye D chache mno. Mwaka 1946 mtaalamu wa Uingereza aitwaye Stratton aliandika habari za damu ya namna hiyo, na leo inaitwa D dhaifu. Kwenye kigae, haionekani. Ikipimwa kwenye kichupa, ikapashwa joto la mwili, ikaoshwa na kuongezewa dawa ya kipimo cha Coombs kilichobuniwa Uingereza mwaka 1945, inajitokeza.

Tena wapo ambao D yao si haba bali ina pengo: sehemu moja ya alama haipo au imebadilika. Wataalamu huiita D pungufu. Mtu huyu anaweza kupimika chanya kabisa, pasipo shaka yoyote, na hata hivyo mwili wake ukiona D kamili ya mtu mwingine unaweza kuikataa. Na dawa za kupimia hazifanani: ya kampuni moja huiona D hiyo, ya kampuni nyingine haiioni.

Sasa sikiliza kanuni ambayo imewachanganya wengi. Mtu mwenye D dhaifu anapotoa damu, maabara nyingi huiandika chanya, ili damu yake isije ikampa mgonjwa hasi alama ambayo mwili wake utaikataa. Lakini mtu huyo huyo anapokuwa mgonjwa anayehitaji damu, au mama mjamzito, maabara nyingi humwandika hasi, ili asipewe D kamili ambayo mwili wake unaweza kuikataa. Kwa hiyo mama anaweza kuwa na kadi ya mchangiaji inayosema O chanya na kadi ya kliniki inayosema O hasi, na zote mbili zikawa sahihi, kila moja kwa kazi yake.

Hili si jambo dogo. Mama mwenye Rh hasi akibeba mimba ya mtoto mwenye Rh chanya, damu kidogo ya mtoto huweza kuingia kwake, hasa wakati wa kujifungua. Mwili wake hutengeneza kingamwili. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hupona. Anayefuata ndiye hushambuliwa: huzaliwa na upungufu mkubwa wa damu na manjano kali, au hufia tumboni. Kuna sindano ya kuzuia hayo, iitwayo anti-D, inayotumika tangu mwaka 1968. Hutolewa katika mimba, kwa kawaida karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye Rh chanya. Mama ambaye D yake ni pungufu, akaonekana chanya na kuachwa bila sindano, anaweza kuingia katika hatari hiyo. Mama akikuta kadi zake mbili zinapingana, asiichane mojawapo. Azipeleke zote mbili kliniki.

HABARI HII INATUHUSU WAAFRIKA KWA NAMNA YA PEKEE

Vipimo vingi vya damu vilitengenezwa na kujaribiwa kwanza kwa damu za watu wa Ulaya na Marekani. Lakini urithi wa Waafrika una aina nyingi zaidi, na katika Rh tofauti hiyo inaonekana wazi.

Kwa watu wa Ulaya, mwenye Rh hasi kwa kawaida hana kabisa jeni ya D; imefutika. Kwa hiyo walipoanza kupima jeni badala ya chembe, walidhani kazi ni rahisi: jeni ipo, mtu ni chanya, jeni haipo, mtu ni hasi. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti juu ya Waafrika wenye Rh hasi, wengi wao wa Afrika Kusini. Ilionekana kwamba 66% yao walikuwa na jeni ya D, lakini jeni iliyolala: ndani yake mmeingia kipande cha herufi 37 kilichorudiwa na alama ya kusimamisha kazi, hivyo haitoi D yoyote. Wengine 15% walikuwa na jeni ya mchanganyiko, nusu D na nusu ya jirani yake. Ni 18% tu waliokuwa hawana jeni hiyo kabisa, kama ilivyo Ulaya. Maana yake ni kwamba kipimo cha jeni kilichotungwa kwa ajili ya Wazungu tu kingeweza kuwaandika wengi wa watu hao kuwa chanya, hali chembe zao ni hasi.

Mchanganyiko huo unatoka wapi? Jeni ya D ina jirani yake anayefanana nayo sana, na zimekaa bega kwa bega. Katika vizazi vingi vilivyopita zimekuwa zikibadilishana vipande. Matokeo yake ni aina nyingi za D pungufu, na baadhi ya hizo hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika.

Wanaoumia zaidi ni wagonjwa wanaoongezewa damu mara kwa mara, na kwetu hao ni watoto wenye selimundu. Mwaka 2013 madaktari wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa wa selimundu waliokuwa wakipewa damu iliyolinganishwa kwa Rh, tena kutoka kwa wachangiaji wenye asili ya Afrika kama wao. Hata hivyo baadhi yao walitengeneza kingamwili dhidi ya antijeni za Rh, pamoja na zile ambazo kadi zao zilisema wanazo. Kwa nini? Kwa sababu alama zao, au za waliowachangia, zilikuwa na jina lile lile lakini umbo tofauti. Kadi ilisema "sawa", mwili ukasema "si sawa".

TUSIVUNJE NYUMBA KWA HERUFI

Sasa turudi nyumbani, maana huko ndiko maumivu yaliko mengi.

Baba amejipima, mama amejipima, mtoto amepimwa shuleni au hospitalini. Baba anakaa na kupiga hesabu. Yafaa ajue kwanza mambo ya kawaida kabisa ambayo si ajabu hata kidogo. Wazazi wawili wa kundi A wanaweza kumzaa mtoto wa O. Mzazi wa A na mzazi wa B wanaweza kupata mtoto wa kundi lolote kati ya yote manne. Wazazi wawili wenye Rh chanya wanaweza kumzaa mtoto mwenye Rh hasi. Kila mzazi hubeba maagizo mawili na kutoa moja tu. Lililojificha kwa baba na mama huweza kujitokeza kwa mtoto.

Kanuni zinasema pia kwamba wazazi wawili wa O humzaa mtoto wa O, na kwamba mzazi wa AB hamzai mtoto wa O. Kanuni hizo ni za kweli kwa watu wengi mno. Lakini zina milango ya pembeni. Mwaka 1952 madaktari wa mji wa Bombay, ambao sasa ni Mumbai, India, waliandika habari za watu waliopimika kuwa O ilhali hawakuwa O. Walikosa msingi ambao sukari ya A na B hubandikwa juu yake. Mtu wa namna hiyo anaweza kubeba jeni ya A au B bila kuonekana, akamrithisha mtoto wake, na mtoto akapimika A au B. Mwaka 1964 familia moja ya Poland ilionyesha ajabu nyingine: alama A na B zikirithiwa pamoja kutoka kwa mzazi mmoja, kwa jeni moja, hivyo kwamba mzazi wa AB anaweza kumzaa mtoto wa O.

Mambo hayo mawili ni adimu. Lakini D dhaifu si adimu kiasi hicho. Chukua mfano. Baba na mama wote wamepimwa kwenye kigae na kuandikwa Rh hasi. Mtoto amepimwa hospitali kubwa na kuandikwa chanya. Kwa hesabu ya kawaida haiwezekani. Lakini kama baba ana D dhaifu, inawezekana kabisa, kigae hakikuiona. Tena aina fulani ya Rh aliyorithi baba kutoka kwa mzazi wake wa pili huweza kuidhoofisha D kwake, lakini mtoto asiyeirithi aina hiyo akawa na D inayoonekana wazi.

Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Walikuwa wakimlinda mtoto asibebeshwe mzigo wa maneno ya watu wazima. Sisi tunaoishi na vipimo tuna sababu ya kumlinda zaidi, si pungufu. Kundi la damu lililosomwa mara moja kwenye kigae halitoshi kumhukumu mke, wala kumnyima mtoto jina la baba yake. Na anayeona lazima apate uhakika, kipimo kinachofaa ni cha vinasaba, kinachosimamiwa hapa Tanzania na Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya mwaka 2009. Hicho hakitegemei kundi la damu. Lakini kabla ya kwenda huko, mume na mke wangetangulia kurudia kipimo cha kawaida katika maabara nzuri, kwa gharama ndogo na bila fedheha.

"MSITUVUNJE MOYO"

Wapo watakaosema: ukiwaambia watu kwamba kadi zinaweza kupingana, hawataamini tena maabara, na watakataa kuongezewa damu. Hofu hiyo ina sababu, lakini jibu lake si kunyamaza. Mtu asiyeelezwa ndiye hutunga maelezo yake mwenyewe, na maelezo hayo huwa ya uchawi, ya wizi wa damu, au ya uzinzi. Mtu aliyeelezwa hutulia, na hurudi kuchangia.

Wengine watasema: kama kuna shaka, basi kila mtu aandikwe hasi ili tuwe salama. Hilo nalo si sahihi. Damu yenye Rh hasi ni haba katika Afrika. Kila chupa anayopewa asiyeihitaji ni chupa anayokosa mama mwenye hasi ya kweli anapotokwa damu. Usalama haupatikani kwa kubahatisha upande wa pili. Hupatikana kwa kupima vizuri.

Na tuseme hili kwa sauti: mgonjwa anayevuja damu asicheleweshwe na mambo ya kadi. Hospitali hupima damu ya mgonjwa papo hapo na kuilinganisha na ile ya chupa kabla ya kumpa. Na hali ikiwa ya hatari kupita kusubiri, madaktari wanazo taratibu zao za dharura, hasa kutumia damu ya O. Ndugu wasisimame mlangoni wakibishana juu ya kadi ya zamani.

TUFANYEJE BASI?

Kwa familia:

1. Tunzeni kadi zote, hata zinazopingana, na zionyesheni zote kila mnapokwenda kupimwa, kujifungua au kufanyiwa upasuaji.

2. Msimpe mtu damu, wala msikatae damu, kwa kutegemea kadi tupu. Kipimo kipya na kulinganisha damu ndiyo kinga.

3. Mama ambaye kadi zake za Rh hazikubaliani aulize mapema katika mimba: "Mimi nihesabiwe chanya au hasi, na je, nahitaji sindano ya anti-D?" Kuuliza si ujinga.

4. Aliyewahi kuharibikiwa mimba, kuzaa mtoto mwenye manjano kali, au kupata homa na baridi kali alipoongezewa damu, aseme. Habari hiyo ina thamani kuliko kadi.

Kwa wachangiaji:

5. Ukiitwa urudi kupimwa tena, usiudhike wala usiogope. Mara nyingi maana yake si ugonjwa. Huenda damu yako ni ya namna ya pekee, na huenda yupo mgonjwa mahali fulani asiyeweza kupokea ila damu kama yako. Kuna orodha ya kimataifa ya wachangiaji wenye damu adimu, inayotunzwa Bristol, Uingereza, kwa ajili ya wagonjwa wa namna hiyo.

Kwa hospitali na maabara zetu, zikiwemo zile za majimbo na mashirika ya kitawa:

6. Msiandike kundi la mchangiaji kwa kipimo cha kigae peke yake. Chembe na majimaji vyote vipimwe, na Rh hasi ya mchangiaji ithibitishwe kwa kipimo cha D dhaifu.

7. Mkigundua tofauti, iandikeni kwenye kadi kwa maneno, si kwa herufi peke yake. Sentensi moja yatosha: "Mtu huyu ana D dhaifu, akitoa damu ahesabiwe chanya, akipokea ahesabiwe hasi." Sentensi hiyo ingezuia ugomvi mwingi.

8. Damu msizoweza kuzifumbua zipelekwe kwenye vituo vya kanda vya Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa mwaka 2004, wala zisitupwe pamoja na swali lake.

Kwa serikali na vyuo vyetu vya tiba tunasema hivi: jeni za damu za watu wetu zichunguzwe hapa kwetu, na vipimo vichaguliwe kwa kuzifuata. Haifai mtoto wa selimundu wa Shinyanga au Muheza aongezewe damu kwa kanuni zilizotungwa bila kuitazama damu ya watu wa kwao.

Ndugu msomaji, fungua kile kisanduku cha vyeti leo jioni. Ukikuta kadi mbili zinazosemezana vibaya, usimtazame mwenzako kwa jicho la shaka. Zitie mfukoni, na wiki hii mwende wote wawili maabara.